Mbeleko na Mvua: Mavazi ya Watoto Wachanga katika Historia ya Kaptagat

Miongoni mwa Wakalenjin mvua yaweza kuwa jina la mtu. Mtoto wa kiume azaliwaye mvua ikinyesha huitwa Kiprop, na wa kike Cherop au Jerop. Huko Kaptagat, kwenye ukingo wa nyanda za Uasin Gishu kabla ardhi haijaporomoka kuelekea Bonde la Kerio, majina hayo hayana haja ya maelezo. Mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Agosti au Septemba. Mahali penyewe pako kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai ukungu hutoka msituni ukatanda mashambani kama moshi wa kuni mbichi. Wakimbiaji wa mbio ndefu, Eliud Kipchoge akiwa mmoja wao, wamepachagua kwa mazoezi kwa sababu ya hewa yake nyepesi. Mtoto wa miezi mitatu hana sababu hiyo ya kupapenda.

Mtoto huyo alivikwaje siku ya mvua, kabla ya sweta na koti kujulikana? Swali hili si dogo. Mvua ya miezi mitano haingojwi ipite. Mama alikuwa na shamba, kuni, maji na jamaa wa kuwatembelea, na mtoto anyonyaye hakuweza kuachwa nyuma. Jibu jepesi, lililozoeleka tangu enzi za ukoloni, ni kwamba hakuvikwa kitu. Kosa la jibu hilo ni kulitafuta vazi la mtoto mwilini mwa mtoto. Vazi lake lilikuwa juu ya mama.

Wakeiyo, kama jirani zao Wanandi, walivaa ngozi za mbuzi, kondoo na ndama, zilizokunwa, zikasuguliwa na kulainishwa kwa mafuta. Ubora wa ngozi kama hiyo hauonekani mpaka inyeshewe. Mafuta huyazuia maji yasipenye upesi, upepo haupiti, na manyoya, pale yalipoachwa, hushika hewa yenye joto. Chini yake mtoto alilala juu ya mgongo wa mama, ngozi kwa ngozi, akipata joto la mwili usiopoa. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, kwa kuwa eneo la mwili wake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, na hawezi bado kutetemeka ili ajipashe moto. Kwake yeye nguo huhifadhi tu joto lililopo. Mgongo wa mama hulitoa. Ni haki, basi, kusema kwamba mtoto wa Kaptagat alimvaa mamaye.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa fikira hiyo, ingawa kilizaliwa mbali na baridi hii. Kitenzi *kueleka*, yaani kumbeba mtoto mgongoni au ubavuni, kinaandamana na *mbeleko*, nguo ya kumfungia. Katika ndoa za pwani mama wa bibi arusi hupewa zawadi iitwayo *ubeleko*, kumkumbuka kwa mgongo wake, pamoja na *mkaja*, kwa ajili ya tumbo lililofungwa baada ya kuzaa. Lugha hiyo ina hazina ya kutosha kuhusu mtoto aliyefungamana na mamaye. Lakini mbeleko ya pwani ni kitambaa chepesi cha pamba, na adui aliyezuiwa ni jua zaidi kuliko baridi. Hata *mwavuli* ni jamaa wa *kivuli*: waliokipa chombo hicho jina walikiona kwanza kuwa cha kujikingia jua. *Kipupwe* cha Mombasa, ambacho huwafanya wazee wajitande shuka, kingehesabiwa kuwa hali ya hewa njema huko Kaptagat. Neno *bushuti*, la kitambaa cha sufu, lilikuwapo, bali halikupata kazi nyingi.

Kwa hiyo Kiswahili kilipopanda nyanda za juu kiliyakuta mahitaji ambayo hakikuwa na maneno yake, nacho kikayapata dukani. Makaburu waliofika Mombasa kwa meli mwaka 1908 walisafiri kwa reli hadi Nakuru, kisha kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi Uasin Gishu. Shamba namba 64 likawa mji, ambao wenyeji waliuita Sisibo, na ambao mwaka 1912 ulipewa jina la Eldoret. Reli iliufikia mwaka 1924. Mashambani na madukani Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya bei, na bidhaa iliyoingia katika nyumba nyingi kuliko nyingine pengine ilikuwa *blanketi*.

Ni desturi kulieleza blanketi kuwa hatua ya maendeleo. Kwa sehemu ndivyo: hufuliwa, halinuki, na halihitaji siku nyingi za kulainisha. Lakini ngozi ilitoka zizini, na zizi lilikuwa limeanza kubanwa. Familia za vibarua walioishi katika mashamba ya walowezi ziliwekewa mipaka ya idadi ya mifugo, na mipaka hiyo ilizidi kukazwa kadiri miaka ilivyopita. Mwenye mbuzi wachache hana ngozi ya kuchagua. Blanketi lilinunuliwa kwa ujira, na ujira ulikuwa mdogo. Aghalabu lililonunuliwa lilikuwa la pamba na la bei rahisi. Sufu ikilowa huhifadhi joto kiasi, ilhali pamba ikilowa huling'ang'ania maji na kulivuta joto kutoka mwilini. Mama aliyeiacha ngozi kwa blanketi la pamba alipata wepesi, lakini katika mvua ya Julai hakupata badala iliyo sawa.

Mabadiliko makubwa zaidi yalianzia katika nyumba za walowezi. Humo mtoto alikuwa na kitanda chake, kigari chake na nguo zake, tena alitunzwa na *yaya*, neno lenye asili ya Kireno lililopitia Bara Hindi. Yaya alijifunza kumvika mtoto wa mwingine kofia na soksi za sufu, huku wa kwake akiwa mgongoni mwa bibi au dada. Kuanzia mwaka 1952 vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilifundisha ushoni, ufumaji na malezi, na sindano za kufumia zikaenea hata kwa wasiowahi kuingia nyumba ya mlowezi. Maneno *sweta*, *soksi*, *koti* na *buti* yote yametoka katika Kiingereza, nayo yote hutaja vazi la mtu anayesimama peke yake.

Aliyefaidika hasa ni mtoto wa miaka miwili au mitatu. Huyu ni mzito mno kubebwa njia nzima na ni mdogo mno kuimaliza kwa miguu. Zamani alifuata nyuma kwa taabu, matope yakimfika magotini. Buti za mpira na kofia ya sufu, *boshori* kama wasemavyo wengi siku hizi, zilimpa uhuru ambao ngozi ya mama haikuweza kumpa. Kiwanda cha Ken-Knit mjini Eldoret kilileta nyuzi na sweta karibu, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mitumba ikaleta hata mavazi ya theluji ya watoto wa Ulaya, ambayo huko nyanda za juu, ajabu kusema, hayakukosa maana.

Kuhusu mchanga, hukumu ni nyingine. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, walianza kuwafunga watoto waliozaliwa kabla ya wakati vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wenye uzito mdogo wakianza kulelewa hivyo mara baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo. Kifua si mgongo, na ngozi ya mbuzi haikuwa hospitali. Nimonia huletwa na vijidudu, nayo iliwaua watoto wengi katika enzi zote hizi. Hata hivyo ni vigumu kuendelea kusema kwamba mtoto wa zamani hakuvikwa kitu.

Siku ya kliniki, mvua ikinyesha Kaptagat, mpango wa mavazi bado ni wa tabaka. Mtoto hufumiwa au kununuliwa sweta na kofia, lakini haachiwi hizo peke yake. Hufungwa kwanza mgongoni kwa leso, blanketi la sufu likaja juu ya leso, shali juu ya blanketi, na mwavuli ukashikwa nyuma kidogo ya kichwa cha mama, hata mabega yake ya mbele yakalowa.