Springi Ngumu ni Ipi?

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi ikabeba watu na mizigo katika barabara za Afrika Mashariki. Zilizosalia zina wenyewe wanaozitunza kwa mapenzi, na karibu kila mmoja wao hufikiwa na siku ya kuona gari lake limeinamia mbele. Hapo huenda duka la spea akasema: "Nipe springi za mbele, ziwe ngumu." Muuzaji ataitikia, fedha italipwa, na huenda gari likarudi barabarani likiwa limeinua pua juu na kumtikisa dereva kwenye kila kokoto. Hakuna aliyedanganya. Neno moja limebebeshwa kazi ya maneno matatu.

Tuanze na chuma chenyewe. Feleji ikipashwa moto na kuzamishwa katika mafuta, kisha ikapashwa tena kwa kiasi, hupata ugumu: haichubuki upesi, na hustahimili mkazo mkubwa bila kubaki imepinda. Huo ndio ugumu hasa. Haumaanishi kwamba springi itahitaji nguvu zaidi ili ibonyee. Feleji za kutengenezea springi, ziwe zimekazwa sana au kidogo, hukaribiana mno katika kukataa kusokotwa. Sifa ya springi nzima kukataa kubonyea inastahili jina lake, nami naona Kiswahili kinalo tayari: ukakamavu. Kitu kilichokakamaa kimekaza, hakikubali kupindwa kwa urahisi. Tumezoea kumwita mtu mkakamavu, lakini neno hilo linakifaa chuma pia.

Ukakamavu hupimika. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba springi hujivuta au kujibana kwa kadiri ya nguvu inayoikabili. Springi yenye ukakamavu wa niutoni 20 kwa milimita hushuka milimita 1 kila ikiongezewa mzigo wa kilo 2 hivi. Ikiwa chuma ni kilekile, kipimo hicho hutokana na umbo: unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko. Unene ndio wenye sauti kubwa kuliko vyote. Ukitoka waya wa milimita 12 kwenda wa milimita 13, mengine yote yakibaki vilevile, ukakamavu hupanda kwa asilimia 38 hivi. Milimita moja ambayo jicho haliioni dukani, mgongo utaijua njiani.

Mizunguko nayo huwapoteza wengi. Mtu akitaka kulishusha gari hukata springi, akidhani kwamba iliyofupishwa itakuwa laini. Ukiondoa mzunguko mmoja kati ya saba inayofanya kazi, inayobaki huwa kakamavu zaidi kwa asilimia 17 hivi. Anayepachika vipande vya mpira katikati ya mizunguko ili kuliinua gari hufika hapohapo kwa njia nyingine, kwa kuwa mizunguko iliyozuiliwa haifanyi kazi tena.

Kutokana na hayo twapata neno la pili, kimo. Kimo cha gari ni jinsi lilivyosimama juu ya magurudumu yake. Ukakamavu ni jinsi linavyoitikia shimo. Springi mbili zaweza kulisimamisha gari kwa kimo kilekile, moja ikiwa ndefu na laini, nyingine fupi na kakamavu. Kwa hiyo kupima urefu wa springi ikiwa juu ya meza hakutoshi. Swali ni: itabaki na urefu gani ikishabeba gari? Injini ya dizeli ya 504 ni nzito kuliko ya petroli, na springi ile ile haitatoa kimo kimoja chini ya injini zote mbili.

Neno la tatu linahusu uzee. Gari likishuka mbele, twasema springi imechoka au imelala, kana kwamba ni jambo moja. Naomba tuyatenganishe. Springi iliyolala imepoteza urefu wake, lakini ukakamavu wake karibu wote ungali pale. Springi iliyochoka ni hatari zaidi: kubanwa na kuachiliwa mara nyingi mno kumeanzisha ufa, mara nyingi pale kutu ilipoula uso wa waya, na mwisho wake ni kuvunjika. Hivyo, gari likilala haina maana kwamba springi mpya iwe kakamavu kuliko ya kiwandani. Linahitaji kurudishiwa kimo chake.

Msamiati wa kuyasema haya si mgeni kwetu. Wapenzi wa saa wanalijua neno kamani, springi inayosukuma mishale, ambalo asili yake ni Kiajemi kwa maana ya upinde. Tuna nepa pia: mti wa mzega hunepa mzigo unapowekwa, kisha hurudi ukiondolewa. Kiswahili kilikwishatazama vitu vinavyokubali mzigo na kurudi, kikavipa majina.

Basi anayeikarabati 504 yake aseme hivi: jozi ya mbele, kwa injini ya petroli au ya dizeli, ukakamavu wa kiwandani, unene wa waya uleule, kimo kikiwa kimebeba mzigo. Azibadilishe zote mbili kwa pamoja, kwa sababu springi mpya upande mmoja na iliyolala upande wa pili hulifanya gari liegemee upande. Na neno ngumu tuliachie feleji yenyewe. Mnunuzi na muuzaji wakikubaliana maneno kabla ya bei, wote wawili watakuwa wanazungumzia springi moja.