Kumbukumbu Zisizoanzia Mpakani

Mkimbizi anapofika Kigoma kutoka Burundi huulizwa amevuka lini, amepitia wapi, amemkimbia nani. Majibu yake huishia kuwa namba kwenye kadi ya mgawo, ile ya kupokelea unga, maharage na mafuta. Maisha yake ya kabla ya hapo hayana nafasi kwenye fomu. Nadai kwamba kumbukumbu za wakimbizi huipinga dola hasa kwa hilo: zinakataa kuanzia mpakani.

Kasanda, mkoani humo, inafaa kupimia dai hili. Zamani ilikuwa chini ya wilaya ya Kibondo, leo iko wilaya ya Kakonko, katika nchi ya Buyungu, mojawapo ya tawala za zamani za Buha, nchi ya Waha. Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Kilichowatenga ni Wajerumani kushindwa vita, Ubelgiji ikatwaa Ruanda-Urundi na Uingereza Tanganyika. Basi mzee akianza simulizi yake kwa babu aliyeoa ng'ambo ya Malagarasi, asikatizwe. Anathibitisha kwamba ukoo umeutangulia mpaka. Na wapo waliokimbia zaidi ya mara moja. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa 2012 na watu wakarudishwa kwao. Machafuko ya 2015 nchini Burundi yakawavusha tena baadhi yao. Fomu humwita mtu huyo mgeni mpya. Yeye anaijua njia.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikusanya simulizi katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, miaka ya 1985 na 1986, kwa Warundi wa Kihutu walionusurika mauaji ya 1972. Aliwakuta wamejitungia historia ya taifa lao, kinyume kabisa na ile ya watawala wa Bujumbura. Iliwarudishia heshima. Lakini ilichimba mpaka mwingine, kati ya Mhutu na Mtutsi, ambao wenzao waliojichanganya na wenyeji mjini Kigoma hawakuushikilia. Kumbukumbu ya mnyonge nayo ihojiwe.

Vitabuni kuna kasoro nyingine. Clemantine Wamariya alikimbia Rwanda mwaka 1994 akiwa na miaka sita, akapita nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, kabla ya kupokewa Marekani mwaka 2000. Kumbukumbu zake, zilizotoka 2018 kwa Kiingereza, zinakataa kwa ukali ile sura ya mkimbizi wa kushukuru tu. Naziheshimu sana. Hata hivyo, mchapishaji alimfikia akiwa tayari Marekani. Mkongomani aliyeko Nyarugusu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 anasimulia jikoni, wajukuu wakisikiliza, basi.

Kambi ya Mtendeli, huko huko Kakonko, ilifungwa 2021, na waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta. Kila kambi ikivunjwa, majirani waliokuwa wakikumbushana hutawanyika. Vyuo vikuu na wachapishaji wa Kiswahili waende Nduta na Nyarugusu sasa, wawarekodi wazee kwa Kirundi, Kibembe na Kiswahili, na nakala ya kwanza ibaki mikononi mwa msimuliaji.