Meli ya Shilingi Moja na Senti Thelathini

Mwezi wa kwanza 1969, stempu nne za vyombo vya majini zilitoka pamoja Kenya, Uganda na Tanzania. Posta ilikuwa moja, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na stempu hiyo ungeibandika Kisumu, Jinja ama Bukoba, barua ikaenda. Kwenye stempu za miaka hiyo hata majina ya nchi yalipokezana nafasi: hapa Kenya iko mbele, pale Uganda, kwingine Tanzania. Kuna mtu aliketi ofisini kuhakikisha hakuna anayenuna.

Ya senti 30 ilikuwa na MV Umoja, feri ya kubeba mabehewa ya treni. Ya senti 50 ilikuwa na SS Harambee, ya kampuni ya meli ambayo nchi hizi tatu zilianzisha na Zambia mwaka 1966. Ninayoipenda mimi ni ya shilingi 1.30. Hiyo ina MV Victoria.

Victoria iliundwa Scotland kwa Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Mombasa na kwa reli hadi Kisumu, ndipo ikaunganishwa tena. Ilianza kazi 1961 ikiitwa RMS Victoria. Herufi hizo tatu zilimaanisha ni meli ya barua za kifalme. Kwa hivyo meli iliyobeba barua ikaishia kubebwa na barua. Ilizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, halafu inarudi.

Sasa, kwenye stempu huoni mtu. Ni meli, maji, bei. Picha za nyumbani ni kinyume kabisa. Dani, nyanya yangu, alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa bahasha na picha, na moja inaonyesha yeye na dadake mkubwa wameshikilia chuma cha sitaha, upepo umewavuruga vitambaa vya kichwa. Meli haionekani. Kuna boya tu limekatwa na ukingo wa picha, limebaki na herufi TORIA. Nyuma mtu ameandika kwa kalamu: Musoma, 1971. Dadake aliolewa huko, na Victoria ndiyo ilikuwa matatu yao.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo historia yangu naisomea kwenye mikebe ya watu. Lakini wakusanyaji wa stempu nao wana chuo chao. Kuna stempu ya enzi za ukoloni, ya 1935, inayoonyesha jahazi kwenye Ziwa Victoria. Wanaiangalia kwa kioo cha kukuzia kuona kama kamba ya kushoto imeungana na tanga ama imeachana nalo kidogo, na bei inategemea hapo. Naheshimu sana huo uvumilivu. Ni vile tu hakuna anayeuliza jahazi lilikuwa limebeba nini, ama nani alikuwa anasubiriwa ng'ambo.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Meli ziligawanywa kama sahani za marehemu. MV Uhuru ikabaki Kenya. MV Umoja ikaenda Tanzania, pamoja na Victoria. (Ukitunga hadithi yenye majina hayo mhariri atakwambia umezidisha.) Posta nayo ikagawanyika, na kila nchi ikabaki na stempu zake.

Dadake Dani alifariki Musoma 1979. Habari zilifika kwetu akiwa ameshazikwa. Kwa Wajaluo, kukosa matanga ya dada yako wa tumbo moja si jambo la kuomba radhi kisha likaisha. Mpaka ulifunguliwa 1983, na picha inayofuata ya Musoma kwenye mkebe ni ya mwaka huo: Dani amesimama kando ya kaburi lenye nyasi ndefu, viatu ameshika mkononi.

Victoria yenyewe bado iko. Ilikarabatiwa, ikarudi majini 2020 ikiwa na maneno Hapa Kazi Tu, na safari zake ni za Mwanza na Bukoba.

Mwaka jana nilipiga picha zote na simu nikazituma kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo, stempu pia. Siku mbili kimya. Kisha binamu wa Musoma, ambaye hatujawahi kuonana, akatuma yake: akina dada haohao, sitaha ileile, ila mpigaji amesogea nyuma na kuna mwanamume wa kofia amesimama kati yao. Shangazi anaapa ni babu. Musoma wanasema ni baharia aliyejipenyeza tu. Kufikia jana usiku walikuwa wamefika kwenye mjadala wa masikio.