Kabla Awe Profesa, Alikuwa Kijana wa Kitui na Hadithi

Wasee, kuna swali huwa linaniudhi: "Kwani Wakamba wana fasihi gani?" Watu hutaja ngoma, hutaja vinyago vya Wamunyu, halafu kimya. Sawa, leo tupige historia kidogo.

Anza 1849. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa na kituo Rabai, anafika Kitui na kupokewa na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Mwaka uliofuata, 1850, Injili ya Marko kwa Kikamba inachapwa Tübingen, Ujerumani. Yaani Kikamba kilikuwa kwenye karatasi kabla jiji la Nairobi halijakuwepo. Lakini angalia kitu: kilichochapwa ni habari iliyotoka kwingine. Zetu, zile za sungura na eimu, lile zimwi la kutisha watoto, zilibaki midomoni mwa akina susu jioni.

Ruka hadi 1954. Kuna kijana wa Mulago, Kitui, anaitwa John Mbiti. Amezaliwa 1931, amepitia Alliance, amemaliza Makerere. Anatoa kitabu, *Mutunga na Ngewa Yake*, yaani Mutunga na hadithi yake. Kwa Kikamba!

Hebu fikiria. Kenya iko katika hali ya hatari, mkoloni bado anatawala, na Kiingereza ndicho tiketi ya kazi ya ofisini. Msee wa Makerere angeweza kujishaua kwa Kizungu. Yeye akachagua lugha ambayo mtoto wa Kitui angeisoma bila kamusi. Hiyo ni miaka 4 kabla ya *Things Fall Apart* ya Achebe, na 10 kabla ya *Weep Not, Child* ya Ngũgĩ.

Halafu 1966 akatoa *Akamba Stories*, ngano za kwao zilizochapishwa na Oxford. Kile kitabu kilichompa jina duniani, *African Religions and Philosophy*, kilikuja 1969. Alipofariki 2019 huko Uswisi, wengi walimlilia kama mwanateolojia. Ni kweli alikuwa. Lakini tazama mpangilio: hadithi kwanza, falsafa baadaye.

Na usidhani njia ni ya chuo pekee. Upande wa Makueni kuna David Maillu, aliyezaliwa Kilungu 1939. Yeye hakungoja chuo kikuu. Alijisomea kwa posta. Miaka ya 70 akaanzisha kampuni yake Nairobi, Comb Books, akajichapisha mwenyewe. *After 4.30* ilitoka 1974. Wasomi wakaguna, Tanzania ikapiga vitabu vyake marufuku 1976, na watu wa mtaani wakaendelea kuvisoma.

Hawa wawili hawafanani hata kidogo. Mmoja kasisi, mwingine mtundu. Kitu kimoja kinawaunganisha: hakuna aliyengoja mtu wa mbali amwambie kwamba maisha ya kwao yanafaa kuwa kitabu.

Sisi je? Shuleni tulifundishwa kufungua kila insha kwa ndege kuimba na jua kuchomoza kwa madaha, hata kama kwenu asubuhi ni foleni ya mitungi kwenye bomba. Mtoto anapata alama nzuri kwa asubuhi ambayo hajawahi kuiona. Ile anayoijua anaiacha nyumbani, anaona si ya kuandikwa. Mimi naona hapo ndipo tunapoteza waandishi, mapema kabisa.

Fanya jaribio. Ingia duka lolote la vitabu Kitui mjini au Wote, uulizie *Mutunga na Ngewa Yake*. Sikiliza utakavyojibiwa. Kisha pigia susu simu, mwambie akusimulie moja, na wewe uandike vile anavyosema, kwa lugha yake. Kitabu kikiisha dukani kinaweza kuchapwa tena. Susu hachapwi tena.