Wazigua Waliorudi Wakiwa Wakimbizi

Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita zipatazo 65, na ukishavuka mto Pangani umeshaingia Uzigua. Mpaka wa Kenya uko mbali na hapa, kule Horohoro ng'ambo ya Tanga, na mtu wa Handeni anaweza kuzeeka bila kuuona. Lakini ndani ya wilaya hii kuna makazi ambayo yasingekuwapo lau si mipaka. Yanaitwa Chogo, na waliofunguliwa makazi hayo mwaka 2003 walikuwa Wazigua wenye kadi za ukimbizi kutoka Somalia.

Habari yao inaanza na njaa. Uzigua ni nchi ya mvua za kubahatisha, na katika miaka ya 1830 mvua zilikatika vibaya. Watu waliweka watoto rehani kwa nafaka, na wengine wakajiweka rehani wenyewe. Pangani na Saadani hazikuwa mbali, na majahazi yalikuwa yakisubiri. Wazee wa ukoo huu wa ng'ambo husimulia kwamba mababu zao hawakukamatwa vitani. Waliahidiwa kazi na chakula, wakapanda chombo kwa miguu yao wakidhani watarudi mvua zikinyesha. Waliteremshwa pwani ya Benadir huko Somalia, kwenye miji ya Barawa na Merka, wakauzwa kwa wenye mashamba ya bonde la Shabelle. Sina sababu ya kuikataa simulizi hiyo. Penye njaa, mwenye kuuza watu hahitaji bunduki. Ahadi ya chakula inamtosha.

Kizazi hichohicho hakikukubali. Wazigua wa Somalia wanamkumbuka mwanamke mmoja, Wanakhucha, aliyekuwa na kipawa cha kutabiri, kuwa ndiye aliyewaongoza kutoroka. Nia ilikuwa kurudi kusini kwa miguu. Wakafika mto Juba, na hapo safari ikaishia. Misitu ya bonde la chini la Juba, nchi iliyoitwa Gosha, ilikuwa na mbung'o wengi, na wafugaji wa Kisomali waliiogopa kwa ajili ya mifugo yao. Kwa wakulima waliotoka Uzigua, nchi ya mbung'o haikuwa ngeni. Walifyeka, wakalima mahindi na ufuta, wakapokea watoro wengine: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo. Wengi wa hao baada ya muda walisema Kisomali tu. Wazigua ndio walioshikilia lugha yao, na jina la Mushunguli walilopewa na majirani linatokana na jina lao wenyewe. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Hawa walifanywa watumwa kwanza, na asili hawakuiacha.

Walipokuwa wakilima huko, wazungu walichora mistari. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari wa kutoka mlango wa mto Umba kwenda Ziwa Viktoria, na Uzigua ukabaki upande wa Wajerumani, ambao reli yao kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Huko kaskazini mto Juba wenyewe ukawa mpaka, ng'ambo moja Waingereza na ng'ambo nyingine Waitalia, hadi mwaka 1925 Uingereza ilipoukabidhi upande wake, Jubaland, kwa Italia. Kati ya Handeni na mashamba ya Juba sasa palikuwa na nchi nzima, Kenya. Waitalia waliwalazimisha watu wa Gosha kufanya kazi katika mashamba yao ya biashara. Baada ya uhuru walikuwa raia wa Somalia kwa karatasi, lakini raia wasio na ukoo mkubwa wa kuwakinga. Sheria ya ardhi ya mwaka 1975 ilitaka kila shamba liandikishwe serikalini, na wenye jamaa ofisini waliandikisha mashamba yaliyolimwa na wengine. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, kila kundi lenye silaha lilipita kwa wakulima hawa kuchukua nafaka, kwa sababu walikuwa na nafaka na hawakuwa na silaha.

Wengi walikimbilia Kenya, kwenye kambi za Dadaab. Wengine walishuka na pwani hadi Tanga. Tanzania iliwaweka Mkuyu, ndani ya Handeni, na mwaka 2003 wakimbizi wapatao 3,000 wakahamishiwa Chogo, ambako walipewa mashamba kwa nia ya kukaa moja kwa moja. Hawakuhitaji mkalimani kwa wenyeji. Kizigua chao kilikuwa na maneno ya Kisomali ndani yake, lakini kilieleweka, baada ya zaidi ya miaka 150.

Hapo ndipo waandishi hupenda kuweka nukta na kusema wamerudi nyumbani. Mimi naona haraka hiyo inaficha jambo. Serikali ya Tanzania ilifungua mlango, na uungwana huo usipunguzwe, maana nchi chache zimewahi kuwapa wakimbizi uraia kwa makundi. Lakini uraia waliopewa ni wa tajnisi, ule ule anaouomba mgeni yeyote: fomu, mahojiano, kungoja. Sheria haina kifungu kinachomtambua mjukuu wa aliyeuzwa kabla Tanganyika haijakuwa na jina. Ukoo ulitambuliwa kisimani na msikitini. Ofisini alitambuliwa mkimbizi.

Na waliofika Chogo ni wachache. Wengi wa wale waliokwenda Dadaab walihamishiwa kambi ya Kakuma mwaka 2002, na kuanzia mwaka uliofuata Marekani ilichukua maelfu yao, ndiyo maana leo Kizigua kinasikika Columbus, Ohio. Wengine hawakuondoka Juba kabisa. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa Mtanzania, Mmarekani na Msomali, na kilichowatenga ni kwamba mwaka 1991 mmoja alipata chombo cha kwenda kusini, mwingine akashika njia ya nchi kavu kwenda magharibi, na wa tatu akabaki kulinda shamba.