BIASHARA: Njia za bure za kufuatilia bei kwa wauzaji wadogo wa kazi za mikono mtandaoni

MKULIMA wa viazi wa Timau, katika Kaunti ya Meru, anaweza kuchunguza bei ya zao lake katika masoko mbalimbali nchini kabla ya kupakia mzigo. Wizara ya Kilimo huchapisha bei za mazao bila malipo katika tovuti ya habari za masoko iitwayo KAMIS.

Jirani yake anayesuka vyondo au kufuma mazulia ya sufu hana huduma kama hiyo, kwani kazi za mikono hazimo katika orodha hizo. Sufu yenyewe haiko mbali. Kondoo hufugwa Timau, na katika mji jirani wa Nanyuki ushirika wa wanawake wa Nanyuki Spinners and Weavers umekuwa ukisokota na kufuma tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, anayetaka kuuza kupitia mtandao hulazimika kujitafutia bei mwenyewe.

Zipo njia kadhaa za kufanya hivyo bila gharama, ila kila moja ina mipaka yake.

Bei iliyoombwa na bei iliyolipwa

Njia ya kwanza ni kupekua masoko ya mtandaoni. Etsy, soko la Marekani lililoanzishwa mwaka wa 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, huruhusu mtu yeyote kutazama bei hata asipokuwa na duka humo. Kwa soko la nyumbani, mtu anaweza kuangalia Jiji au Jumia.

Lakini bei inayoonekana dukani ni ile muuzaji anayoiomba. Kiondo kinaweza kuandikwa dola 80 na kikae mwaka mzima bila mnunuzi. Ndiposa eBay ni ya manufaa: katika sehemu ya utafutaji, mtu anaweza kuchagua kuonyeshwa bidhaa zilizokwisha kuuzwa pekee, pamoja na bei na tarehe.

Aidha, ni muhimu kulinganisha vitu vya aina moja. Kiondo cha mkonge chenye mikanda ya ngozi hakiwezi kupimwa kwa bei ya kile cha nyuzi za plastiki. Ni vyema pia kuangalia iwapo gharama ya usafirishaji imejumuishwa.

Arifa na majedwali

Njia ya pili ni huduma ya arifa ya Google Alerts. Muuzaji huandika maneno kama vile jina la bidhaa yake, na kila ukurasa mpya wenye maneno hayo unapogunduliwa, hupokea barua pepe. Google Trends nayo huonyesha ni miezi gani watu hutafuta bidhaa fulani zaidi, ingawa haionyeshi bei.

CamelCamelCamel huonyesha historia ya bei, lakini kwa bidhaa za Amazon pekee. Itamfaa zaidi anayetaka kujua mwenendo wa bei za bidhaa za viwandani zinazoshindana na zake.

Njia ya tatu, na pengine iliyo bora zaidi, ni jedwali la muuzaji mwenyewe. Google Sheets hutumika bila malipo, hata kwa simu. Inatosha kuchagua bidhaa kumi zinazofanana na yako na kuandika bei zake siku moja kila wiki: tarehe, ukubwa, malighafi, bei iliyoombwa na bei iliyolipwa. Asiye na intaneti ya kutosha anaweza kutumia daftari la kawaida. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Thamani ya shilingi

Safu moja ya jedwali hilo haifai kukosekana, nayo ni ya thamani ya dola, ambayo Benki Kuu ya Kenya huitangaza katika tovuti yake.

Chukua mfano wa kiondo cha dola 30. Etsy hutoza senti 20 za dola kwa kukitangaza na asilimia 6.5 kinapouzwa, hivyo hubaki dola 27.85 kabla ya ada za malipo na usafirishaji. Mnamo Januari 2024, dola ilipokuwa karibu Sh160, fedha hizo zilikuwa Sh4,456. Katikati ya mwaka huo, dola iliposhuka hadi takriban Sh129, zilikuwa Sh3,593. Bei ya kiondo haikubadilika hata senti moja, ilhali msusi alipungukiwa na zaidi ya Sh860.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuiga bei ya mwingine, muuzaji ajumlishe kwanza gharama zake kwa shilingi: mkonge au sufu, rangi, usafiri na siku alizotumia kusuka. Ikiwa bei ya soko haifikii jumla hiyo, kupunguza bei ili kushindana kutamwongezea hasara.

Mwisho, muuzaji ajihadhari na programu zinazojiita za bure ilhali zinadai nywila ya duka lake au nambari ya kadi ya benki. Kutazama bei zilizo wazi kwa umma hakuhitaji siri hizo.