Milimita Mbili

Historia ya mashindano ya magari katika Afrika Mashariki imezoea kuwataja madereva, na ni haki yao. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell, alishinda kwa Peugeot 404, akarudia ushindi huo mwaka 1967. Nick Nowicki alishinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1963 na 1968, na katika kila mwaka kati ya hiyo miwili magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Tunakumbuka tope, mito iliyofurika na vumbi. Tunasahau kwamba gari lilianza kushinda, au kushindwa, kabla halijatoka gereji.

Tuitazame injini yenyewe. Ile ya 404, ambayo watu wetu waliiita Pijo, ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,618 za ujazo, imelazwa upande, na valvu zake zimeinamiana juu ya pistoni. Pistoni inapokaribia kileleni mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, valvu ya moshi haijamaliza kufunga, na valvu ya kuingiza hewa imekwisha anza kufunguka. Kwa kitambo hicho zote mbili zinaning'inia ndani ya chumba ambacho pistoni inakijia kwa kasi. Pistoni ikipanda, inaifukuza valvu ya moshi. Ikigeuka kushuka, valvu ya hewa ndiyo inayoifukuza pistoni. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde moja. Zikigusana, valvu hupinda au kichwa chake hukatika, pistoni hutoboka, na safari imekwisha.

Anayetaka nguvu zaidi huila nafasi hiyo. Huchonga hedi ili mgandamizo uongezeke. Hutia kamshafti inayozisukuma valvu chini zaidi na kuziacha wazi muda mrefu zaidi. Hutia valvu pana. Kwa valvu zilizosimama wima, hedi ikichongwa nusu milimita na gasketi mpya ikiwa nyembamba kwa robo milimita, robo tatu ya milimita imekwenda, na jicho haliwezi kuiona.

Njia ya kupima ni nyepesi, na kifaa chake kikuu ni ule udongo laini wa kuchezea ambao walimu wa madarasa ya chini huwapa watoto wafinyange herufi. Fundi hubandika kipande juu ya pistoni mahali valvu zinapoelekea, hupaka valvu mafuta kidogo udongo usigande, kisha hufunga hedi pamoja na gasketi yenye unene uleule itakayotumika, na kukaza bolti kwa kipimo chake. Hurekebisha roka, hulinganisha taimingi, halafu huzungusha krenki kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Ikikwama, asilazimishe. Akifungua, huukata udongo kwa wembe pale palipobonyea zaidi na kupima unene uliobaki. Kanuni inayofuatwa na wengi ni milimita 2 hivi upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa moshi, kwa kuwa valvu ya moshi hupata joto kali na kurefuka, na springi ikichelewa kuirudisha, pistoni iko nyuma yake. Nafasi ikipungua, pistoni huchongwa vijishimo, au hutafutwa gasketi nene zaidi.

Hapa Tabata vijana wa gereji hufumua injini kwa ustadi ambao hakuna chuo kilichowapa cheti chake. Mara nyingi kinachowakosesha kupima ni mwenye gari, aliyesimama pembeni akitazama saa, ambaye haoni kwa nini alipe nusu siku kwa kufunga hedi na kuifungua tena. Lakini injini hiyo huenda ni ya teksi inayolipia ada za watoto. Nusu siku ni gharama ndogo mbele ya hedi, valvu na pistoni mpya.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakumaanisha kwamba asifike, wala kwamba asiende mbio siku ya mbio. Orodha ya washindi wa Safari ina majina ya walioshika usukani, na ni vema ihifadhiwe. Nasi tunaofundisha historia tuwaambie vijana kwamba nyuma ya kila jina palikuwa na mikono yenye mafuta iliyokagua na kupima kabla ya ufunguo kuzungushwa.